Zero Kumi na Moja: Somo juu ya Hesabu Kubwa Iliyo Ndani ya Feza Yetu



Somo letu mara hii ni somo la hesabu. Wengine watashangaa, watauliza: hesabu ina kazi gani katika gazeti la kanisa? Tunawajibu kwamba katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana mwenyewe alitoa mfano wa mtu wa kujenga mnara, na jambo la kwanza la mtu yule lilikuwa kukaa chini na kuhesabu. Tena kuna sababu iliyo karibu zaidi. Mbele ya wazee wa kanisa zinaletwa karatasi za zamani. Ni karatasi ya deni, au ya shamba lililowekwa rehani, au ya parseli iliyouzwa, nusu ikalipwa na nusu ikabaki. Imeandikwa "zaire elfu sita", au "franc mia tatu", au "Z 300,000", hakuna zaidi. Wale walioandika wamelala. Watoto wao ndio wanaosimama wakitazamana kwa macho makali, na kila mmoja ana jibu lake mfukoni.

Katika mashauri hayo yote kuna hesabu moja kubwa inayojificha. Ni hii:

300,000,000,000

Ni tatu na zero kumi na moja. Kwa kufuata mageuzi ya feza yaliyofanywa na serikali, hizo ndizo zaire za zamani zinazoingia katika franc moja ya Kongo ya leo. Tunataka muijue hesabu hii kama mvuvi anavyoujua wavu wake: umefumwa kwa nyuzi gani, unapitisha nini, na wapi unakatika.

Ilivyozaliwa

Tarehe 24 Juni 1967 zaire ilichukua nafasi ya franc ya zamani. Zaire moja ilikuwa franc 1,000. Zaire hiyo iligawanywa katika makuta 100, na likuta moja katika sengi 100. Wakati ule zaire moja ilihesabiwa kuwa dola mbili za Marekani. Vijana wanacheka tukiwaambia, lakini ni kweli. (Hata leo mtu akisema sokoni "sina makuta", anataka kusema hana feza. Likuta yenyewe ilikufa zamani, jina lake likabaki vinywani mwetu.)

Baadaye zaire ikaanza kushuka. Septemba 1983 serikali iliishusha mpaka dola moja ikafika karibu zaire 30. Mwisho wa mwaka 1992 ikatoka noti ya zaire 5,000,000. Serikali ya Étienne Tshisekedi iliikataa, na wenye maduka wakaikataa. Askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaona mshahara wao ni karatasi tu. Mwisho wa Januari 1993 wakafanya fujo Kinshasa, watu wengi wakafa, na katika hao alikuwamo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Basi msiseme kwamba hesabu ni mambo ya ubao na chaki.

Oktoba 1993, wakati wa serikali ya Faustin Birindwa, ikatoka zaire mpya, ile tuliyoiita nouveau zaire. Moja yake ilikuwa zaire za zamani 3,000,000. Hiyo nayo haikusimama. Kufika mwaka 1996 ilikuwa na noti ya milioni moja. Kisha tarehe 30 Juni 1998 franc ikarudi, franc moja kwa zaire mpya 100,000.

Sasa tuzidishe: 3,000,000 mara 100,000. Msiogope zero. Hesabu za namna hii mnazidisha tarakimu za mbele, yaani 3 mara 1, halafu mnajumlisha zero za nyuma: sita na tano ni kumi na moja. Jibu ni 300,000,000,000. Na mkitaka kufika mpaka franc ya kabla ya 1967, mnaongeza zero tatu nyingine, zinakuwa 14. Mkitaka kushuka mpaka sengi, mnaongeza zero nne juu ya zile kumi na moja, zinakuwa 15.

Ukubwa wake

Mtu akihesabu zaire moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, atamaliza 300,000,000,000 baada ya miaka 9,500 na zaidi. Kwa noti zile za milioni tano zilizoleta fujo, franc moja inadai noti 60,000. Noti moja tukiikadiria kuwa gramu moja, hizo ni kilo 60, yaani mfuko wa simenti na kilo kumi juu yake. Mzigo huo wote kwa franc moja, ambayo leo mtoto hawezi kununua kitu nayo.

Tutumie pia ziwa letu, maana linatusaidia kuona jambo ambalo limewakosesha wafanyabiashara wengi. Vitabu vinasema ziwa Tanganyika lina maji ya kilomita za mchemraba karibu 18,900, na uso wake ni kilomita za mraba karibu 32,900. Kilomita moja ya mchemraba ni sanduku lenye urefu wa kilomita, upana wa kilomita na kina cha kilomita. Ndani yake zinaingia lita 1,000,000,000,000. Haya, kila zaire ya zamani iwe lita moja ya maji. Tukichota lita 300,000,000,000, ziwa lote kuanzia Uvira mpaka Mpulungu kule Zambia litashuka milimita tisa tu, unene wa kidole. Sasa tufanye vilevile kwa franc za kabla ya 1967, ambazo ni mara elfu moja zaidi. Ziwa litashuka mita tisa. Mwaka 2024 tuliona maji yalipopanda yalivyoingia katika nyumba za kandokando. Basi fikirini mita tisa, uso wote, kaskazini mpaka kusini. Na kwa kuwa 18,900 ukigawanya kwa 300 unapata 63 kamili, franc 63 za leo zingelikausha ziwa lote. Ngege na kuhe wangebaki mchangani.

Tazameni vizuri tofauti ile ya kidole na mita tisa. Ndiyo tofauti iliyo ndani ya neno moja, "bilioni". Sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa tunasema milioni, halafu miliari ambayo ni milioni elfu moja, halafu bilioni ambayo ni miliari elfu moja. Lakini ng'ambo, Kigoma na Tanzania nzima, milioni elfu moja ndiyo bilioni yao, na bilioni elfu moja ni trilioni. Kwa hiyo 300,000,000,000 kwetu ni miliari mia tatu, kwao ni bilioni mia tatu. Na mwalimu wetu wa Uvira akisema "bilioni mia tatu" anataka kusema zero 14, si 11. Neno ni moja, lakini mmoja anasema kidole na mwingine anasema mita tisa. Ndiyo maana tunawaomba wenye kuandika mapatano na watu wa ng'ambo: andikeni hesabu kwa tarakimu, mkizitenga tatu tatu, msitegemee jina lake peke yake. Na angalieni pia alama ya kutengea. Hapa tunatumia koma kama vitabu vya Kiswahili, lakini shuleni kwetu koma inatenga vipande vilivyo chini ya moja. Mtu mwingine akiona 300,000 anaweza kusoma mia tatu tu.

Vipande vyake

Sasa tuingie ndani ya hesabu yenyewe. Kila hesabu kamili kubwa inajengwa kwa kuzidisha hesabu ndogo ambazo hazigawanyiki tena, isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na nyingine zinazofuata bila mwisho. Watanzania wanaziita namba tasa. Hizi ni kama matofali. Na jambo la ajabu ni hili: kila hesabu ina matofali yake, na hakuna njia ya kuijenga kwa matofali mengine. Jambo hili lilithibitishwa kikamilifu na Mjerumani Carl Friedrich Gauss katika kitabu chake cha mwaka 1801, lakini hata Euclides wa zamani, miaka mia tatu hivi kabla ya Kristo, alikuwa amelikaribia sana.

Matofali ya hesabu yetu ni yapi? Kumi ni 2 mara 5. Kwa hiyo kila zero inaleta 2 moja na 5 moja. Zero kumi na moja zinaleta 2 kumi na moja na 5 kumi na moja. Halafu mbele kuna 3 moja. Basi: matofali 23, aina tatu tu. Humo hakuna 7, hakuna 11, hakuna 13, na 3 ni moja tu.

Kutoka hapo tunaweza kujua hesabu zote zinazoweza kuigawanya bila baki, hata bila kuzijaribu moja moja. Unachagua 2 ngapi: hakuna, au moja, au mbili, mpaka kumi na moja, ni njia 12. Unachagua 5 ngapi: tena njia 12. Unachagua kuweka 3 au kuiacha: njia 2. Kumi na mbili mara kumi na mbili mara mbili ni 288. Zipo hesabu 288 zinazoigawanya sawasawa, hazizidi wala hazipungui. Watu wawili watagawana bila ugomvi, na watatu, wanne, watano, sita, wanane, kumi, kumi na wawili. Watu tisa hapana, maana 9 inadai 3 mbili. (Hesabu 144,000 ya Ufunuo sura ya 7 ni ndogo kuliko hii, lakini ina 3 mbili ndani yake, hiyo inagawanyika kwa 9, kila sehemu 16,000.) Na watoto saba je? Saba si tofali lake, kwa hiyo lazima kitu kibaki. Jaribuni: kila mtoto atapata 42,857,142,857, na chini itabaki zaire moja. Moja tu, katika miliari mia tatu! Tumeona wana wa baba mmoja wakigombana kwa kidogo kuliko hiyo.

Tofali la tatu na feza ya mnyonge

Tuje kwenye jambo lililo zito. Serikali ya 1993 ingeweza kuchagua milioni moja, zero tupu, na kila mtu angefuta zero sita akaenda zake. Badala yake ikachagua milioni tatu. Ile 3 iliingia katika feza ya nchi ambayo noti zake zote zilijengwa kwa 1, 2, 5 na zero. Katika noti hizo hamna tofali la tatu. Kwa hiyo hakuna noti hata moja ya zamani iliyogeuka kuwa zaire mpya na makuta mapya bila baki. Hata moja!

Chukueni noti ya 5,000,000. Zaire mpya moja ni milioni tatu. Zinabaki milioni mbili. Zaire mpya iligawanywa katika makuta mapya 100, basi likuta jipya moja ni zaire za zamani 30,000. Ndani ya milioni mbili yanaingia makuta 66, zinabaki zaire 20,000 ambazo hazina mahali. Noti ya 1,000,000 inatoa makuta 33, zinabaki 10,000. Noti ya 100,000 inatoa makuta matatu, zinabaki 10,000. Noti ya 50,000 inatoa likuta moja, zinabaki 20,000. Na noti ya 10,000 peke yake haitoi kitu.

Mmeona? Katika noti hizi baki siku zote ni 10,000 au 20,000. Si bahati. Hesabu ya 10, au 100, au 1,000, ukiondoa moja inakuwa 9, au 99, au 999, na hizo zote zinagawanyika kwa 3. Basi kila moja yenye zero nyuma, hata ziwe ngapi, ukiigawanya kwa 3 inabakiza 1. Na kila 5 yenye zero nyuma inabakiza kama 5 yenyewe, yaani 2. Noti za 1 zinaacha 10,000. Noti za 2 na za 5 zinaacha 20,000. Ndiyo sheria iliyo nyuma ya ile kanuni ya shule, kwamba ukitaka kujua kama hesabu inagawanyika kwa 3, jumlisha tarakimu zake tu.

Dawa ilikuwa ndogo. Noti tatu za milioni tano ni milioni kumi na tano, na hizo ni zaire mpya tano kamili, hakuna kinachobaki. Noti tatu za 10,000 ni likuta jipya moja kamili. Ilitosha kubadilisha tatu tatu. Mama aliyepeleka noti moja leo, nyingine kesho, nyingine keshokutwa, kila mara aliacha mezani zaire 20,000. Aliyezifunga tatu pamoja hakuacha kitu. Mtu mwenye meza ya kubadilisha feza akipokea noti 300 moja moja, analipa zaire mpya 498. Akizipeleka mbele kwa pamoja, anapokea 500. Zile mbili ametoa wapi? Katika baki za watu 300, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba ametoa sadaka. Tuseme kweli, katika msiba wa bei za wakati ule hasara hiyo ilikuwa tone tu. Lakini tone lile lilianguka siku zote upande mmoja.

Kujaribu jibu

Waliosoma zamani kwa Kifaransa wanakumbuka jaribio la tisa: unajumlisha tarakimu za hesabu unazozidisha, unajumlisha za jibu, unaona kama zinakubaliana. Ni jaribio zuri, lakini kwa hesabu za namna hii ni kipofu. Halioni zero. Jumla ya tarakimu za 300,000,000,000 ni 3, na ya 30,000,000,000 ni 3 vilevile. Mtu anaweza kula zero nzima, na jaribio la tisa linamwambia vema.

Liko jaribio la kumi na moja. Anzeni kulia, tarakimu ya kwanza mjumlishe, ya pili mtoe, ya tatu mjumlishe, ya nne mtoe, mpaka mwisho. Katika 3,000,000 ile 3 ni tarakimu ya saba kutoka kulia, basi inajumlishwa: 3. Katika 100,000 ile 1 ni ya sita, basi inatolewa: kasoro 1. Mkizidisha ni kasoro 3. Sasa jibu: katika 300,000,000,000 ile 3 ni ya kumi na mbili, inatolewa: kasoro 3. Yanakubaliana. Zero moja ikipotea, 3 inakuwa ya kumi na moja, inajumlishwa, na mwizi ameonekana. Lakini zero mbili zikipotea pamoja, jaribio hili nalo linalala. Kwa hiyo bado hatuoni njia inayopita ile ya kutenga tarakimu tatu tatu na kuhesabu zero kwa kidole, watu wawili wakishuhudia.

Kasai walihesabu vingine

Hesabu ya zero kumi na moja haikutumika kila mahali. Katika Kasai mbili watu waliikataa zaire mpya tangu 1993, wakaendelea kununua na kuuza kwa noti za zamani. Kwa kuwa noti hizo hazikuchapwa tena kwa wingi kama zile mpya, zikashika nguvu. Serikali ilipoleta franc mwaka 1998 ilibidi iwawekee hesabu yao: franc moja kwa zaire za zamani 14,000,000. Gawanyeni 300,000,000,000 kwa 14,000,000: mtapata 21,428 na baki. Noti ileile, mchapo uleule, picha ileile ya mtu yuleyule, kule ilikuwa na nguvu mara 21,428 zaidi ya huku kwetu. Noti moja ya milioni tano kule ilitoa santimu 35 na zaidi kidogo. Kwetu, kwa hesabu ya mageuzi, ni sehemu moja ya franc iliyogawanywa 60,000. Basi hesabu yetu kubwa si kama hesabu ya nyota ambayo Mungu ameiweka. Ni watu waliandika sahihi, mwaka fulani, mahali fulani.

Karatasi ikiwa mezani

Sasa tuchukue mfano, bila jina la mtu. Mwisho wa mwaka 1983 baba mmoja wa kandokando ya ziwa aliweka rehani shamba lake la michikichi, akapokea zaire 6,000. Hakulipa mpaka alipofariki. Leo mwanawe anataka shamba. Amesoma, anajua mageuzi, anapiga hesabu: 6,000 kwa 300,000,000,000 ni sehemu moja ya franc iliyogawanywa 50,000,000. Anaweka franc moja mezani, anasema, "Baba yangu mdogo, chukua, na chenji nirudishie." Kwa franc ile angeweza kulipa madeni milioni hamsini kama lile.

Hesabu yake haina kosa. Tumeijaribu kwa kumi na moja, tumeitenga tatu tatu, ni sawa. Lakini mwana wa yule aliyetoa feza naye anakumbuka kwamba dola moja wakati ule ilikuwa karibu zaire 30, na 6,000 kwa 30 ni dola 200. Hiyo nayo haina kosa la kugawanya. Hapa tunasema wazi tunavyoona: hesabu ya mageuzi ilifanywa kwa ajili ya noti zilizo mkononi siku ya kubadilisha. Inatuambia karatasi ngapi kwa karatasi moja. Haituambii shamba lilikuwa na thamani gani, wala mkopeshaji alijinyima nini. Sisi si tribunali, na mwenye kutaka tribunali aende. Lakini wazee wakikaa, waulize kwanza: siku ile 6,000 zilinunua nini? Mbuzi wangapi, mabati mangapi, magunia mangapi ya mihogo? Na miaka yote hii nani alikamua mawese ya michikichi ile? Mkopeshaji aliyekula mawese miaka arobaini hawezi kusimama kama mtu aliyekaa na njaa.

Karatasi yenye "Z 300,000" ni ngumu zaidi, kwa sababu herufi Z ilitumika kwa zaire zote mbili. Angalieni tarehe. Ikiwa imeandikwa Kivu mwaka 1995, inaelekea ni zaire mpya, na hizo ni franc 3 za 1998, wakati dola moja ilianza kwa franc 1 na santimu 38. Ikiwa ni ya 1990, ni zaire za zamani, na jibu ni sehemu ya franc iliyogawanywa milioni moja. Kati ya majibu hayo mawili kuna mara milioni tatu, kwa herufi moja. Pasipo tarehe, msiamue haraka; tafuteni shahidi, au tafuteni kama makuta yametajwa, au kama bei ya kitu kilekile imeandikwa katika karatasi nyingine ya mwaka unaojulikana.

Na karatasi ya franc? Huku Uvira neno hilo lina njia tatu: franc ya Kongo ya kabla ya 1967, franc ya Kongo ya kuanzia 1998, na franc ya Burundi ambayo tumeishika mikononi mwetu siku zote kwa sababu ya jirani na soko. Mtu akileta karatasi ya 1966 ya franc 300, asije akatoa noti za leo na kusema amelipa. Wala asije akadai zero 14 zote. Muulizeni kwanza aliyeuza alitoka upande gani wa Ruzizi.

Maswali kwa vikundi vya kujifunza

Akina mama wa kikundi wajaribu hili: mama alikuwa na noti nne za zaire 5,000,000 na noti mbili za 1,000,000. Akizibadilisha moja moja atapata zaire mpya ngapi na makuta mangapi, na akizipeleka zote pamoja je? Vijana watafute kama 300,000,000,000 inagawanyika kwa 24, kwa 36, kwa 48 na kwa 75, kwa kutazama matofali tu, bila kugawanya. Na wazee wa baraza wachukue karatasi hii tuliyoitunga: "Uvira, 1972, zaire 450 na makuta 50." Waigeuze kuwa sengi, waseme kama watoto saba wanaweza kuigawana bila baki, kisha waandike majina ya vitu ambavyo feza ile ingenunua mwaka ule, kadiri kila mmoja anavyokumbuka. Majibu yaletwe yakiwa yameandikwa kwa kalamu, tarehe juu, na tarakimu zimetengwa tatu tatu.